Mti Niliouchora Ukweni

Mimi si mtu wa kukaa kitako. Marehemu mama alikuwa akisema kwamba siku niliyozaliwa mkunga alinidaka mguu nisitoroke, na nadhani hakuwa akitania sana. Hata kuchora nachora nimesimama, ubao unaning'inia shingoni kwa kamba kama sinia la muuza kashata, na nikishaweka mstari wa maji nasogea kidogo kuutafuta mstari wa nchi kavu. Wachoraji wa Kizungu niliowahi kuwaona huketi kwenye viti vya turubai, mwavuli juu, chai pembeni. Mimi nikiketi, mkono nao unaketi.

Nimeichora nchi hii ya Rufiji tangu enzi ya Mdachi mpaka hii ya Mwingereza. Nimechora mikoko ya deltani maji yakiwa yamekupwa na mizizi iko nje. Nimechora mpunga wa Umwe, na madungu ya wakulima, vile vibanda virefu vya kulindia shamba, yakiwa yamesimama kwa miguu yao myembamba katikati ya mafuriko. Nimekwenda mpaka Mloka nikachora mashamba yaliyolalwa na tembo. Picha zangu zimo katika maduka ya Wahindi wa Ikwiriri na katika nyumba za mabwana shauri, na nasikia nyingine zimevuka bahari. Katika zote hizo hakuna mtu hata mmoja. Hakuna mbuzi, hakuna mbwa, hakuna hata kunguru.

"Fundi, nchi yako imehamwa?" wateja huniuliza. Huwajibu kwamba wakitaka kuona watu wafungue dirisha.

Ukweli ni kwamba nilipokuwa chuoni nikisoma Kurani nilimchora mbuzi wa mwalimu kwenye ubao, pembe na ndevu zake zote, akafanana mno. Mwalimu alinichapa, kisha akanieleza kwa upole kuliko nilivyotarajia. Akasema siku ya kiama nitaambiwa nimtie roho mbuzi yule, na sitaweza. Miti je, nikamwuliza. Akafikiri. Miti haina shida, akasema, wala maji, wala mawe. Basi nikayashika hayo matatu, na sijayaacha. Mtu aliyenyimwa nyama hujifunza kuupika mchicha vizuri.

Kazi yangu ya kwanza ya mshahara ilikuwa kwenye kituo cha misitu deltani, kupiga chapa boriti za mikoko kabla hazijapakiwa. Mkubwa wa pale alikuwa Mdachi mmoja mrefu, tulimwita Bwana Misitu, na kila Jumapili alichora kwa rangi zake alizozileta kwenye kisanduku cha bati. Mimi nilikuwa nikichora ukutani mwa ghala kwa mkaa, na wekundu nikiupata kwenye magome ya mkandaa, aina ya mkoko. Siku moja akauona ukuta ule. Nilidhani nitatiwa adabu. Akasimama, akautazama, akaenda zake, na Jumapili iliyofuata akaniletea karatasi na rangi zilizobaki.

Huo ndio ulikuwa mwanzo. Alinifundisha jinsi ya kulowesha karatasi, jinsi ya kuacha mahali peupe ili pawe maji. Lakini kunisifu, ah! Nilimwonyesha picha moja baada ya nyingine, naye hutikisa kichwa, hugeuza karatasi juu chini, husema "bado". Neno hilo lilinikosesha usingizi. Nilikuwa radhi kufanya kazi bure mwaka mzima ili nisikie kutoka kinywani mwake kwamba mimi ni mchoraji.

Mke wangu nilimwona Kibiti, alipokuja na mama yake kuuza ufuta. Kwao ni vilimani, Umatumbini, mwendo mrefu kusini. Alikuwa na kicheko cha ghafla, na alipocheka alifunika mdomo kwa upande wa khanga kana kwamba kicheko ni kitu cha kuibiwa. Nilioa upesi, maana hata mahaba yangu hayakujua kungoja.

Kwao bwana harusi hahesabiwi kuwa mkwe mpaka aonyeshwe maji ya ukoo. Basi baada ya harusi tulipanda huko, wakati wa kiangazi, vilima vyote vimekauka na kuwa rangi ya ngozi ya simba. Baba mkwe, mzee mfupi mwenye sauti ya chini, alinishika mkono kama mtoto, akanipeleka ubavuni mwa kilima mpaka kwenye mkuyu mkubwa. Mkuyu ule ulikuwa mbichi kabisa, majani tele, katika nchi ambayo hata mende angetafuta kivuli asikipate. Nyuma ya shina, mawe yaliachana, na ukiinama unaingia pangoni, na ndani kabisa mna maji baridi yasiyokauka.

"Wangoni walipopita, babu zetu walikaa humu," akasema. "Wazee wetu wamelala chini ya mti huu. Sasa nawe, mkwe wangu, unapo pa kukimbilia."

Sijawahi kupewa kitu kikubwa kama kile. Mimi ambaye sikuwa na kwetu, ila chumba cha kupanga! Machozi yalinitoka, nikasingizia vumbi. Kesho yake asubuhi nilivuka bonde, nikasimama kwenye mgongo wa kilima cha pili, nikachora. Pango sikulichora, sikuwa mjinga. Nilichora vilima vikavu, pengo la mawe kileleni, anga, na mti mmoja wa kijani katikati. Mkono wangu haukuwahi kwenda vile, na haujaenda vile tena.

Nilipomwonyesha Bwana Misitu hakusema "bado". Aliichukua akaipigilia ukutani barazani kwake, mahali ambapo kila mgeni aliyekuja kwa boti angeiona kabla hajaonyeshwa kiti. Mke wangu alipofika kituoni kunitembelea akaiona. Alicheka kwanza, akafunika mdomo. Kisha akaishusha khanga, akausogelea ukuta. Wakati huo kulikuwa na Wazungu wawili wageni, na mmoja alipita, akanyoosha kidole moja kwa moja kwenye ule mti, akasema neno kwa mwenzake.

"Umeuona?" mke wangu akaniuliza tulipokuwa peke yetu. "Kidole chake hakikutangatanga. Kimekwenda pale pale."

"Ndiyo uzuri wa picha," nikamwambia. "Jicho linakwenda unakolituma."

Baada ya muda akapata mimba, na kwa kuwa ilikuwa ya kwanza, ilibidi akajifungulie kwao. Nilimsindikiza mpaka nusu ya njia, ndugu zake wakampokea.

Mwaka huo nchi nzima haikuwa na utulivu, hata nikajiona mimi ndiye mtulivu. Watu walilazimishwa kulima pamba ya serikali mpaka mpunga wao ukasongwa na magugu, na akida aliyelalamikiwa alijibu kwa kiboko. Kisha tukaona watu wakipita makundi makundi, wake kwa waume, wamevaa kaniki, wakienda Ngarambe kwa mganga anayetoa dawa ya maji. Ukinyunyiziwa, walisema, risasi ya Mdachi itakuwa maji. Mpiga chapa mwenzangu alikwenda, akarudi uso unang'aa, akaniambia nami niende. Sikwenda. Si kwamba nilikuwa na akili kuliko yeye. Nilikuwa nangoja habari za mke wangu, na niliogopa mjumbe atafika nisiwepo.

Habari iliyofika haikuwa ya mtoto. Ilikuwa kwamba vilimani wameng'oa pamba, na vita vimeanza.

Sijui nizieleze vipi siku zile. Nilikwenda gatini, nikarudi, nikaenda tena. Nilipiga chapa boriti ile ile mara mbili. Kila mtumbwi uliokuja niliuendea mpaka maji ya kiuno, nikiwauliza wakimbizi kama wamepita kilima chenye pengo la mawe juu. Wengine walinitazama kama mwendawazimu, na walikuwa na haki. Mmoja tu alisema watu wa upande huo wameingia ardhini. Nikaelewa wako pangoni, nikashukuru, nikalala siku hiyo.

Ndipo kikosi kilipofika kutoka pwani, askari wengi na mkubwa wao Mdachi, mwanamume mdogo wa umbo, mwenye macho yasiyopepesa. Alipewa baraza alale. Asubuhi nikaitwa. Nilimkuta amesimama mbele ya picha yangu, kikombe mkononi, na Bwana Misitu pembeni yake.

"Wewe ndiye uliyechora?" Kiswahili chake kilikuwa cha kuamrisha, lakini safi.

"Ndiyo, Bwana mkubwa."

"Mwezi gani?"

Nikasema sikumbuki.

"Nyasi zimekauka. Miti yote haina majani. Huu unayo." Aliugusa mti kwa ncha ya kijiko. "Chini yake kuna maji. Penye maji wakati huu, kuna watu. Ni wapi hapa?"

"Si mahali, Bwana mkubwa. Nilibuni. Rangi ya kijani ilikuwa imenibakia, nikaona niitie mahali isiharibike."

Akamgeukia Bwana Misitu. Na yule Mdachi mrefu, ambaye nilikuwa nimemngoja miaka yote hiyo, alitabasamu kwa fahari ya mwalimu, akanisifu. Alisema yeye amenifundisha mwenyewe. Alisema mimi sijui kubuni, hata nikilazimishwa, na jiwe nililolichora ukilifuata utalikuta. Alisema huko kwao wapo wachoraji wenye majina wasioweza kuiona nchi kama ninavyoiona mimi. Aliyasema kwa Kiswahili ili nami nisikie.

Mungu anajua nilivyoyataka maneno yale. Nilitamani nimzibe mdomo kwa mikono miwili.

Tukaondoka. Picha ilibanduliwa ukutani, ikatiwa katika bomba la bati, akaibeba yeye mwenyewe. Mimi nilifungwa kamba kiunoni, ncha yake ikishikwa na askari mmoja Msudani ambaye hakuwa mtu mbaya, alinipa tumbaku. Nilijaribu kuwapitisha njia za mbali. Nikasema huku kuna kinamasi, kule kuna simba. Lakini haikusaidia, maana kila tulipofika mahali pa juu mkubwa yule alitoa picha, akailinganisha na vilima, akakunja midomo, tukageuka. Nilikuwa nikimwongoza mwenyewe kutoka ndani ya lile bomba, na huku nikimpoteza kwa mdomo, na yule wa bombani alikuwa hodari kuliko mimi. Njiani tulipita vijiji vilivyoungua. Moshi ulikuwa ungali ukitoka kwenye maghala ya mtama.

Nilihesabu miezi kichwani. Mtoto, kama amezaliwa hai, angekuwa bado hajakaza shingo. Nilimwona mama yake amemfunika mdomo asilie, kwa upande ule ule wa khanga aliokuwa akifunikia kicheko chake. Picha hiyo sikuichora popote na ninayo mpaka leo.

Tulipanda mgongo wa kilima cha pili saa za asubuhi. Niliijua ile sehemu kwa nyayo zangu. Mkubwa akanisimamisha, akatoa karatasi, akainyoosha. Pengo la mawe lilikuwepo kileleni. Jiwe lililolala kama kiatu lilikuwepo. Mikunjo ya bonde, yote ilikuwepo, na naapa hata katika hali ile niliona kwamba nilikuwa nimekosea kidogo kivuli cha kushoto.

Mti haukuwepo.

Ubavu wote wa kilima ulikuwa mweusi, umechomwa moto, majivu na mawe. Hakuna shina, hakuna tawi, hakuna jani. Mkubwa akatazama karatasi, akatazama kilima. Akatoa darubini. Mimi niliinua macho ili nisimtazame usoni. Ndege walikuwa wakizunguka. Ni ninga, wale njiwa wa kijani wanaokula makuyu, kundi zima, wanakuja kutoka bondeni, wanashuka hewani pale pale mti ulipokuwa, wanakosa pa kutua, wanapanda, wanazunguka, wanashuka tena. Walikuwa wakiuchora mti wote kwa mabawa yao. Mtu yeyote mwenye macho angesema hapa palikuwa na kitu.

Lakini katika picha yangu hamkuwa na ndege. Naye alitazama yale tu yaliyokuwemo katika picha.

"Muongo," akasema hatimaye. "Umechora mti ambao haupo."

Sasa sikiliza ujinga wa mwanadamu. Nilikuwa nimeokoka, mke wangu ameokoka, na kitu kikanipanda kifuani, nikafungua mdomo nijitetee! Nimwambie mimi sijachora uongo, mti ulikuwepo, tena matawi yake yalikuwa hivi na hivi. Neno lilifika kwenye meno. Nikalimeza, na nadhani ndilo jambo gumu kuliko yote niliyowahi kufanya.

"Ndiyo, Bwana mkubwa," nikasema. "Nilikwambia nilibuni."

Aliichana picha mara mbili, akaitupa. Nililazwa palepale, nikachapwa hamsa ishirini, viboko ishirini na vitano, kwa kosa la kuidanganya serikali kwa rangi. Nililia kwa sauti kubwa kuliko maumivu, kwa makusudi, ili walioko chini ya kilima wasikie kwamba kuna watu huku juu, wasitoke. Moyoni nilikuwa nikimbariki baba mkwe. Mzee yule, nilijiambia, ameukata mti wa wazee wake kwa ajili yetu. Nitamlipa nini?

Kituoni hawakunitaka tena. Bwana Misitu hakuniangalia usoni. Aliona aibu kwa sababu yangu, na sikuweza kumweleza kwamba hakuwa amekosea. Nikaenda Kibiti, nikapata kazi ya kupaka nyumba chokaa. Vita vilikwisha kwa njaa kuliko kwa risasi, na watu wakaanza kushuka kutoka vilimani, wamekonda, wanachimba mizizi ya porini kandokando ya njia. Kila siku niliacha brashi ya chokaa nikaenda kusimama njiani. Tajiri wangu alinifukuza, akanirudisha, akanifukuza tena.

Mke wangu alikuja adhuhuri moja akiwa na mama yake, na mtoto mgongoni. Sikumtambua mpaka alipopita. Ni yeye aliyeniita.

Niliwakalisha kivulini, nikaleta uji, nikasimama, nikakaa, nikasimama. Mtoto alikuwa wa kiume, ana macho makubwa na shingo nyembamba, yu hai. Nikamwuliza kama baba hajambo.

"Baba hayupo," akasema. "Amefia pangoni. Wote tumetoka wazima ila yeye."

Nikasema maneno yanayosemwa. Kisha nikaongeza, kwa sababu nilikuwa nimeyabeba muda mrefu, kwamba Mungu atamlipa, maana kwa mzee kama yule kuukata mkuyu ule si jambo dogo.

Mama mkwe akainamisha uso. Mke wangu aliendelea kumlisha mtoto uji kwa kidole.

"Baba hakuukata," akasema. "Nimeukata mie."

Alinieleza bila kupandisha sauti. Waliposikia askari wametua deltani, alimwambia baba yake habari za picha ukutani na kidole cha yule Mzungu. Mzee akasema mti wa wazee haukatwi, na kama wanakuja waje. Wanaume wengine wakaogopa kugusa shoka. Basi akampa mama yake mtoto, akaanza yeye, kidonda cha uzazi hakijapona. Mzee alikuja akakaa mbele ya shina ili amzuie. Akahamia upande wa pili, akaendelea. Wanawake wenzake walipoona hivyo wakamfuata. Mti ulipoanguka waliburuta matawi pangoni, wakafukia kisiki, wakachoma nyasi zote. Mzee aliingia ndani, akalala akiwa amegeukia ukuta.

"Nikimwomba radhi kila asubuhi," akasema. "Nikipeleka maji, nikimwekea mtoto karibu na mkono. Hakugeuka. Amekufa vivyo hivyo."

Nilimpapasa mtoto kichwa, nikamwuliza anaitwa nani.

"Hana jina. Kwetu wa kwanza hupewa jina na babu yake mzaa mama, weye wajua. Baba alikataa. Mpe weye."

Nilimchukua nikampakata. Alikuwa mwepesi mno, na alinishika kidole kwa nguvu. Nilifikiri jina moja tu linafaa, la yule mzee aliyenishika mkono na kunipa mahali pa kukimbilia, nikalitamka polepole ili nimpoze mama yake. Mke wangu aliweka bakuli chini.

"Hilo hapana," akasema. "Jina lake hakutupa."